Wasikilizaji wa Baba Yangu

Miaka ile baba yangu alipokuwa na kipindi cha asubuhi redioni, niliweza kutoka mlangoni petu Shauri Moyo hadi bombani na kurudi na ndoo bila kukosa hata neno lake moja. Redio zilikuwa madirishani, kwenye meza ya mama wa mandazi, mifukoni mwa walinzi waliokuwa wakirudi kutoka zamu. Zote zilikuwa kwenye masafa yale yale. Sauti yake ilinipokea kwa jirani wa kwanza ikanikabidhi kwa wa pili, na nilipoinama kukinga maji ilikuwa bado iko nami, ya upole, ikisema kwamba mtoto asiyeogopa mtu nyumbani ataogopwa na kila mtu barabarani.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakiniachia nafasi nitangulie. Sikuipenda ile heshima. Hawakuwa wakinitazama usoni walipokuwa wakinipa.

Kabla ya redio, Baba alikuwa karani wa reli. Alikuja Nairobi kijana kutoka magharibi, akapewa kazi ya kutangaza safari kwenye kipaza sauti cha stesheni, na ndiko alikojifunzia Kiswahili chake, kile kilichonyooshwa pasi, kisicho na kunyanzi. Alikuwa mzee wa kanisa. Alipiga viatu rangi kila Jumamosi. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, hakuitaka nyumbani. Ukimsalimia “niaje” alikunyamazia mpaka ukumbuke salamu yenyewe.

Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyekuwa akimnyamazia zaidi. Kaka alizungumza Sheng hata usingizini. Alifanya vibarua vya mjengo, akasukwa nywele, akarudi nyumbani saa alizotaka. Alikuwa mcheshi, na Mama alikuwa akimwekea chakula na kukifunika kwa sahani bila kuambiwa. Alasiri moja watu walimpiga huko Mathare mpaka akafa. Walisema amempokonya mwanamke simu. Nani aliyeanza, nani aliyemaliza, hakuna aliyetuambia. Tulikwenda kumtambua, tukamchukua, tukamrudisha magharibi kumzika.

Pale kaburini mchungaji alimpa Baba nafasi aseme machache. Alisimama na kofia yake mkononi. Tulidhani atalia.

“Huyu nilimlea kwa upole,” alisema. “Nilimwona akipotoka nikanyamaza. Wale waliompiga walifanya kazi iliyonishinda mimi.”

Kilio kilikatika papo hapo. Mama aliinuka kitini, akapita katikati ya watu akaenda jikoni nyuma ya nyumba, na hakurudi hata udongo ulipomwagwa. Mimi nilibaki nikiwatazama waombolezaji. Wazee walikuwa wakitikisa vichwa, polepole, wakikubali. Mmoja wa waumini wa kanisa letu aliyesafiri nasi, mtu aliyefanya kazi kwenye stesheni ndogo ya redio huko Donholm, alimfuata Baba baada ya maziko akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Mzee,” alimwambia, “maneno haya yanatafutwa na watu wengi.”

Hivyo ndivyo alivyoingia hewani. Mwanzoni alipewa dakika chache kabla ya taarifa ya habari, atoe neno la malezi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na kipindi kizima, na matangazo ya biashara yakapangwa yamzunguke. Nilimsindikiza mara moja. Studio ilikuwa ghorofani juu ya duka la rangi na misumari, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kuzuia kelele za barabara ya Outer Ring. Baba alivua koti, akalitundika, akafumba macho mbele ya kipaza sauti kana kwamba anaomba. Alipoanza kusema sikumjua. Nyumbani alikuwa mtu wa sentensi fupi. Pale maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, nayo hayakuwa ya hasira. Alizungumza juu ya kiboko kilichoondolewa shuleni, juu ya wasichana wanaopanga vyumba peke yao, juu ya wanaume wanaosukwa nywele na kina baba wanaowaogopa watoto wao. Hakumtukana mtu. Alisikitika tu, na huzuni yake ilikuwa tamu kuisikiliza. Hata mimi niliisikiliza.

Kisha simu zikafunguliwa. Fundi wa kushona, dereva wa lori, mama wa watoto wengi aliyelia. Baba aliwajibu wote kwa subira. Wa mwisho alikuwa mwanamume wa sauti ya taratibu, karibu ya kunong'ona.

“Mzee,” alisema, “sisi tunakusikia kila siku. Tunasikia na tunakutana, tunazungumza yale uliyosema. Tunangoja tu.”

“Mnangoja nini, mwanangu?” Baba aliuliza akitabasamu.

“Utuelekeze.”

Baba alicheka kidogo, akamshukuru, akaaga wasikilizaji. Wakati tunashuka ngazi nilimuuliza kama anamjua mtu yule. Alisema hapana, ila anapiga kila siku, na kila siku ndiye wa mwisho. “Kijana mwenye adabu,” alisema. “Wangekuwa wote hivyo.”

Mabadiliko ya mtaani yalikuja kimyakimya. Vijana waliozoea kukaa kwenye ukuta wa kinyozi walianza kuinuka Baba alipotokea, na wengine waliingia ndani kabisa. Nilidhani ni heshima. Kisha fundi mmoja wa Kamukunji, kijana mwenye rasta ndefu aliyekuwa akitengeneza masanduku ya bati, alikamatwa mchana kweupe na wanaume waliomshika mikono na miguu na kumnyoa kwa mkasi wa kukatia mabati. Walimkata na ngozi. Nilimwona wiki iliyofuata Gikomba, pale nilipokuwa na cherehani yangu ya kurekebisha mitumba, akija kutafuta kofia. Alichagua moja, akaivuta mpaka nyusi.

“Walikuwa wanasema nini?” nilimuuliza.

“Hawakuwa wanaongea, siz,” alisema. “Walikuwa wametulia tu, ka' wasee wako church. Mmoja ndio alisema, ‘Salimia Mzee wa asubuhi.’”

Hakujua mimi ni binti wa nani. Nilimpa ile kofia, nikarudi kushona.

Nilimwambia Baba jioni hiyo kabla ya chakula. Aliosha mikono yake taratibu, akaifuta.

“Mimi sikumtuma mtu kumnyoa mtu,” alisema.

“Lakini walikutaja, Baba.”

“Hata Biblia hutajwa na wezi.”

Mama aliweka ugali mezani. Tangu siku ya kaburi alikuwa akimhudumia bila kumkosesha kitu, na bila kumwambia neno lisilohitajika. Walikaa nyumba moja kama abiria wawili wasiojuana. Redio yetu ndiyo pekee mtaani isiyowashwa asubuhi. Mama aliifunika kwa kitambaa kilichofumwa, akaweka juu yake glasi ya maua ya plastiki.

Karibu na uwanja wa mpira wa mtaa wetu aliishi muuguzi mstaafu wa halmashauri ya jiji. Sote tulimwita Sista. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya ukali, na alikuwa amezalisha wanawake wengi wa mtaa ule, Mama akiwemo. Mimi na Kaka tulipokelewa na mikono yake. Alipostaafu alianza kuwachukua wasichana waliofukuzwa kwao kwa sababu ya mimba. Walilala chumbani kwake kwenye magodoro, wakajifungua, wakajifunza kusuka na kuoka, wakaondoka, wakaja wengine. Watu walinung'unika lakini walimwachia, maana alikuwa Sista.

Mzazi mmoja alipiga simu kwenye kipindi, akalalamika kwamba binti yake amekimbilia “kwa mwanamke fulani anayewafundisha kwamba kutotii si kosa.” Baba angeweza kuipita ile simu. Aliishika. Kwa siku kadhaa alizungumza juu ya nyumba zinazofungua milango ambayo wazazi wameifunga kwa machozi. Siku moja akasema: “Nyumba kama hizo tunazo. Ninapita karibu na moja kila siku. Mlango wake ni wa buluu.”

Mama alikuwa bombani. Aliacha ndoo ikifurika akaenda kwa Sista na kanga yake ya jikoni, mimi nikimfuata. Tulimkuta akimwogesha mtoto mchanga kwenye karai, na wasichana wakibishana juu ya sabuni.

“Ondoka,” Mama alimwambia. “Nenda kwa dada yako Donholm, hata kwa muda tu.”

“Niende kwa sababu gani?”

“Kwa sababu amekutaja.”

“Hajanitaja. Nimemsikia, kama kila mtu.”

“Ametaja mlango wako.”

Sista alimkausha yule mtoto, akampaka mafuta, vidole vyake vinene vikienda bila haraka. “Nimewatoa nusu ya mtaa huu matumboni mwa mama zao,” alisema. “Nani atakayekuja kunigusa?”

Walikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimetoka Gikomba mapema kwa sababu ya mvua iliyokuwa ikijikusanya. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba watoto hawakuwa uwanjani. Mpira ulikuwa pale, peke yake, karibu na goli. Kisha niliwaona wanaume. Walikuwa wengi, wamevaa mashati safi, baadhi yao na mabegi ya kanisani. Walitembea kwa mpangilio, hawakupiga kelele. Niliwatambua majirani kati yao: yule anayetuuzia makaa, baba wa rafiki yangu wa shule, mlinzi wa lango la soko. Mlinzi aliniona akanipungia mkono.

Walibisha hodi. Hilo sitalisahau. Walibisha, wakangoja, na Sista alipokataa kufungua waliuvunja mlango kwa nguzo ya goli.

Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa mezani akipiga viatu rangi. Mama alikuwa ameshasikia. Alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu kaburini alizungumza naye sentensi ndefu.

“Inuka,” alisema. “Inuka twende ukawaone wasikilizaji wako. Ulisema kule kwamba waliompiga mwanangu walifanya kazi yako. Njoo basi uione kazi yenyewe inavyofanywa, maana siku ile hukuwepo.”

Alikwenda na soksi, bila viatu. Tulipofika, magodoro yalikuwa yakiwaka nje na nguo za watoto wachanga juu yake. Sista alikuwa ameanguka kizingitini, amelalia ubavu, mguu mmoja umegeuka vibaya. Wasichana walikuwa wametawanyika isipokuwa mmoja, ambaye tumbo lilikuwa kubwa mno asiweze kukimbia. Alikuwa ameketi chini, mikono juu ya kichwa, na wanaume wamemzunguka. Walikuwa wakimpiga kwa zamu. Hawakusukumana.

Mmoja wao aligeuka akamwona Baba. Alikuwa mwembamba, miwani usoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Aliposema niliijua ile sauti ya taratibu.

“Mzee,” alisema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha, “umekuja. Tulijua utakuja. Hii ndiyo ile kazi.”

Sijui Baba aliona nini. Najua alipita kati yao, akavua sweta lake, akamfunika yule msichana, akapiga magoti kwenye matope yaliyochanganyika na maji ya karai lililomwagika.

“Acheni,” alisema.

Hakupaza sauti. Waliacha. Waliacha wote kwa pamoja, kama watoto wa darasa moja, na baadhi yao wakarudi nyuma wakakaa chini kabisa, wakimwangalia, wakingoja neno la pili. Moto ulikuwa ukilia. Mvua ilikuwa haijaanza. Nilikuwa nimewaogopa walipokuwa wakipiga, lakini pale walipoketi niliwaogopa zaidi, na nikamsikia Mama nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo, “Kumbe wanamsikia hivi.”

Msichana aliishi, na mtoto wake aliishi, ingawa alizaliwa kabla ya wakati. Sista alivunjika nyonga. Polisi walikuja, wakauliza, wakaenda. Hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Jumatatu Baba alikwenda Donholm kama kawaida. Mama alichukua ndoo akaenda bombani. Nilimfuata kwa sababu sikutaka awe peke yake kati ya redio zile.

Baba hakuanza na salamu yake ya siku zote. Alikaa kimya kwa muda hata mama wa mandazi akaigonga redio yake akidhani imeharibika. Kisha alisema kwamba anataka kuzungumza juu ya mwanawe, na akamtaja kwa jina. Hakuwa amelitaja jina hilo tangu maziko, nyumbani wala hewani.

“Baada ya kumzika,” alisema, “mwanamke alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa peke yangu. Alikuwa ndiye mwenye simu. Alisema simu aliikuta kwa dada yake, aliisahau huko. Alisema kijana wangu alikuwa akipita tu. Alipiga magoti mlangoni kwangu akaniomba msamaha, nami nilimwambia aondoke na asirudi, na asimwambie mke wangu. Sikuweza kumsikiliza. Kama hakuiba, basi walimuua bure, na mimi nilikuwa nimeshasema niliyoyasema mbele ya kaburi lake, na watu walikuwa wameshaniitikia.”

Foleni yote ya bomba ilimgeukia Mama. Alisimama wima, ndoo ikijaa, na sauti ya mumewe ikimjia kutoka kila dirisha, ikimwambia yale aliyokuwa amemficha chumbani. Hakulia. Alifunga bomba, akaikaza sana ile koki, akaniambia, “Nisaidie kubeba.”

Baba aliendelea. Aliwaomba walioingia kwa Sista wajitokeze. Alisema yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa. Simu zilipofunguliwa hakupiga fundi wala dereva wala mama wa watoto wengi. Alipiga mmoja tu.

“Mzee,” ilisema ile sauti ya taratibu, “umechoka. Sisi hatukulaumu. Pumzika sasa. Ulipotufikisha panatosha.”

Kabla ya mwezi kwisha kipindi kilikuwa na mtangazaji mwingine, wa sauti ya taratibu. Hamna haja ya kueleza ni nani. Stesheni ilisema wasikilizaji walimtaka wenyewe. Nimemsikiliza mara chache, madukani, pale nisipoweza kukwepa. Hasikitiki kama Baba alivyosikitika. Huwapongeza watu kwa kuwa wema, kisha huwauliza wanamjua nani asiye mwema.

Mama alirudi magharibi. Alimpikia Baba chakula cha siku hiyo, akakifunika, akachukua sanduku lake. Namtembelea kila nipatapo nafasi. Analima mrenda na kunde, na amepanda maua kwenye kaburi la Kaka. Baba amemwomba msamaha kupitia kwangu, na kupitia kwa mchungaji, na mara moja alisafiri mwenyewe. Mama alimkaribisha, akampa chai, akamtayarishia kitanda kwa shemeji yake. Alipoondoka, Mama alimsindikiza hadi barabarani. Hapo ndipo walipofika, na sioni dalili kwamba watafika mbele zaidi.

Sista anatembea kwa mkongojo na ana mlango wa chuma. Bado anawachukua wasichana. Huja kwetu Jumapili baada ya ibada, huketi na Baba, na huzozana naye kwa sauti kubwa, kwa sababu Baba hajabadilika kama watu wanavyodhani. Bado anaamini mtoto aadhibiwe na binti akae kwao. “Niliyoyasema yalikuwa kweli,” humwambia, na Sista humjibu, “Basi yashike humo humo kifuani, yasitoke.” Nadhani yeye ndiye rafiki pekee aliyebaki naye.

Nje ya nyumba Baba hasemi. Alianza polepole, sikugundua. Dukani ananyoosha kidole. Kwa kinyozi anagusa kichwa pale anapotaka papunguzwe. Wageni mtaani hudhani ni bubu, naye huwaacha wadhani hivyo.

Majuzi tulikwenda naye soko la Burma kununua nyama. Alikuwa amemwonyesha muuzaji kipande anachotaka, na muuzaji akakifunga kwenye gazeti akampa. Baba, kwa mazoea ya malezi yake, alisema, “Asante sana, mwanangu.” Ni hayo tu.

Mwanamume aliyekuwa akisubiri nyuma yetu aliinua kichwa. Hakuwa mtu tunayemjua. Alisogea, akamtazama Baba kwa karibu sana, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyempata ndugu.

“Ni wewe,” alisema. “Mzee wa asubuhi. Watu walisema umekufa.” Aliinamisha kichwa, akashusha sauti. “Bado tuko. Hatujasahau hata neno moja.”

Baba aliirudisha nyama juu ya meza ya muuzaji. Akanishika mkono kama nilipokuwa mtoto, tukatoka. Alinishika kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Nilipogeuka, yule mtu alikuwa amesimama mlangoni mwa bucha akitutazama tunakoelekea.